Pumzi ya Baba Povu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuchungulia dirishani kuona kama ni ya kwao. Ina bahari ya baridi, ina bendera, ina mawaziri thelathini na wanane, na ina sili. Kwa asiyewahi kumwona sili, ni mnyama wa baharini mwenye kichwa kama cha mbwa aliyekatwa masikio, sharubu ndefu, mwili wa mafuta matupu, na mapezi mahali ambapo sisi wengine tuna mikono na miguu. Akishashiba samaki hupanda ufukweni, akalala juani kutwa nzima, akijikuna tumbo na kumkoromea kila anayepita. Mwaka wa pili wa uhuru, Bunge letu lilipowatazama wanyama hawa kwa makini, liliwatambua mara moja kuwa ni watumishi wa umma.

Tangu hapo sili wote wa nchi ni waajiriwa wa serikali. Wana vyeo, wana namba za utumishi, na wana daftari la mahudhurio. Mwandishi wa daftari hilo nilikuwa mimi, Fumbwe, Karani wa Mahudhurio Daraja la Tatu, Kituo cha Ufukwe wa Magharibi. Kila siku saa mbili asubuhi nilipita na kalamu yangu katikati ya sili elfu nne, kila mmoja ana kibati cha namba pezini, nikaandika mbele ya kila namba neno moja kati ya mawili: Yupo, au Hayupo. Ni kazi safi, haina lawama. Niliifanya kwa miaka kumi na saba na sikuwahi kumwandika mkubwa yeyote kuwa hayupo.

Mkubwa wao aliitwa Baba Povu, dume la uzito wa ng'ombe wawili, cheo chake Mkurugenzi. Kila mwaka, Siku ya Pumzi, watoto wa darasa la kwanza wa shule iliyoteuliwa huletwa ufukweni wakiwa na sare nyeupe. Mmoja mmoja hupiga magoti, hugusisha pua yake na pua ya Baba Povu, akavuta pumzi mara tatu. Huko ndiko kupokea Pumzi ya Taifa, na asiyeipokea haandikishwi darasa la pili. Mimi mwenyewe niliipokea kwa Baba Povu wa zamani zile. Nakumbuka ilinuka samaki aliyechacha, na mama yangu alilia kwa fahari.

*

Mwezi wa tano ndege wa baharini walianza kuanguka, na baada yao sili wakaanza kukohoa. Sili akikohoa hukohoa mwili mzima, mafuta yote yanatikisika. Wakatoa makamasi ya kijani, macho yakachuruzika usaha, shingo zikatetemeka. Majike wenye mimba walizitoa pale pale mchangani, na kunguru wakaja kufanya kazi yao, kazi ambayo hawakuiombea kibali.

Daktari wa wanyama wa kituo chetu alikuwa Daktari Zuleha, mwanamke mwembamba asiyejua kuzungusha maneno, ndiyo maana hakuwahi kupandishwa cheo. Aliyachukua makamasi yale kwa vijiti vya pamba, akayapeleka maabara, na baada ya siku tisa akaja na karatasi.

"Ni kirusi, Fumbwe," akaniambia. "Kimetoka kwa ndege. Kinapita kwenye pumzi na kinakula mapafu. Mtu naye anaweza kukipata."

"Umewaarifu wakubwa?"

"Nimewaarifu. Wameniuliza kirusi kimeingilia mpaka gani."

Alikuwa hatanii. Jibu la Wizara nililiona kwa macho yangu, limepigwa mihuri miwili. Lilisema kwamba kumbukumbu zote za uhamiaji zimepekuliwa, na hakuna kirusi chochote kilichoomba kuingia nchini katika kipindi husika, kwa hiyo hakimo. Kuhusu sili wanaokohoa, liliongeza, kila mtumishi ana haki ya likizo ya ugonjwa. Mwombaji afike mwenyewe makao makuu, dirisha namba nne, na kueleza tatizo lake kwa sauti yake.

Nadhani ni hasira iliyomfanya Daktari Zuleha ampakie jike mmoja kwenye pikapu na kumpeleka. Nilifuatana naye nikiwa shahidi wa mahudhurio. Tukamweka sili kwenye kiti cha plastiki, kikavunjika, tukamlaza sakafuni kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, karani wa dirisha alimuuliza jina, namba na tatizo. Sili akakohoa. Kamasi likaruka, nusu ikatua kwenye kioo na nusu kwenye shavu la karani, karibu na mdomo. Karani akajifuta kwa kiganja, kiganja akakipangusia kwenye suruali, akaandika: "Maelezo ya mwombaji hayajitoshelezi. Arudi na barua ya msimamizi wake." Msimamizi wake alikuwa Baba Povu. Jike yule alikufa kwenye ngazi tukitoka, na watu waliokuwa wakipanda wakamruka ili wasipoteze nafasi zao.

Wiki iliyofuata dirisha namba nne lilifungwa. Tuliambiwa karani ana mafua ya kawaida, yale ya kutapika damu.

*

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo msomaji wa nchi nyingine huenda asilielewe. Kwetu mtumishi wa umma hafi hivi hivi. Kifo chake huthibitishwa na Kamati ya Vifo, ambayo hukaa mara mbili kwa mwaka ikipata akidi. Mpaka Kamati ikae, marehemu anahesabiwa kuwa yuko kazini. Kwa hiyo nilipopita asubuhi na daftari langu niliwaandika kwa mujibu wa kanuni. Aliyevimba, Yupo. Aliyepasuka, Yupo. Yule ambaye funza walikuwa wakiingilia jicho la kushoto na kutokea la kulia, Yupo. Nilijifunga kanga ya mke wangu puani, nikaandika.

Hapo likatokea la kutokea. Sili aliye hai huingia baharini kutafuta samaki, na akikosekana saa mbili huandikwa Hayupo. Sili aliyekufa hatoki. Mwishoni mwa mwezi wa sita kituo chetu kilikuwa na mahudhurio ya asilimia mia moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru, na Wizara ikatutunukia kikombe.

Aliyekuja kukikabidhi alikuwa Waziri wa Utumishi na Ufukwe, Mheshimiwa Pazi Lukanda. Alishuka kwenye helikopta akiwa ameshikilia leso puani, na hakuiondoa hata alipohutubia, kwa hiyo hotuba yake ilitoka kwa sauti ya mtu aliyebanwa mlangoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimetembea nchi nyingi. Sijaona watumishi wenye moyo kama hawa. Mvua yao, jua lao. Hawaombi posho. Hawagomi. Hawaulizi maswali. Nawaagiza walimu, manesi na mahakimu waje hapa kujifunza kwa sili. Na wale wanaosambaza uvumi kwamba hawa wanaumwa, nawauliza: mgonjwa gani anakuja kazini kila siku?"

Tukapiga makofi. Inzi walinyanyuka wote kwa pamoja, wakatua tena.

Aliyewapamba sili kwa ziara hiyo alikuwa jirani yangu Mwatatu, mfagiaji wa ufukwe. Zamani kazi yake ilikuwa kuzoa mwani na maganda ya kaa. Sasa alipewa ndoo, bomba la marashi, na furushi la miti yenye panda ya kuinulia vichwa vya sili, maana Wizara ilielekeza kwamba watumishi waelekeze nyuso zao kwa mgeni rasmi. Aliinua kichwa, akachomeka mti chini ya kidevu, akafuta majimaji, akapuliza marashi, akaenda kwa mwingine. Vilikuwepo vichwa vilivyobaki mikononi mwake. Jioni alijisugua kwa majivu na ndimu kabla ya kumgusa mwanawe.

Mwanawe ni Hidaya, umri miaka saba, darasa la kwanza.

*

Mwaka huo shule iliyoteuliwa kupokea Pumzi ilikuwa ya kwetu. Mwanzoni zilipendekezwa shule tatu za mjini wanakosoma watoto wa wakubwa, lakini zote zilileta barua kwamba watoto wao walikwishapokea pumzi ng'ambo. Ikabaki ya kwetu, watoto thelathini na sita. Hidaya alipangwa kutangulia kwa kuwa ndiye mwenye sauti nzuri ya kuimbia wimbo wa Pumzi. Alifanya mazoezi uani kwetu, akipiga magoti mbele ya mtungi, pua kwenye mdomo wa mtungi, akavuta mara tatu.

Sherehe ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi Baba Povu akafa.

Nilimkuta amelala ubavu, ulimi nje, povu la damu limekauka kwenye sharubu. Daktari Zuleha alikuwa amechuchumaa kando yake. Mwatatu alisimama nyuma na bomba la marashi, hajapuliza.

"Fumbwe," Daktari akasema, "nimeisoma sheria yenu usiku kucha. Kanuni ya tisa inasema Mkurugenzi akiandikwa Hayupo siku tatu mfululizo, Siku ya Pumzi inaahirishwa. Leo, kesho na keshokutwa. Maneno matatu tu."

"Lakini yupo, Daktari. Si huyu hapa?"

"Amekufa."

"Kamati haijakaa."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Mwatatu akasogea, akaweka bomba chini.

"Kaka Fumbwe," alisema polepole, "mtoto wangu ndiye wa kwanza. Yule mnyama nimemfuta mdomo mwenyewe, najua kilichomo. Nakuomba. Mimi sina cha kukupa, wewe ni jirani tu."

Nilimwambia nitaliangalia. Ni maneno mazuri hayo, mtu akiyasema huwa hajakataa na hajakubali. Nikaenda ofisini, nikafungua daftari, nikakaa mbele ya namba moja mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikaandika Yupo. Jumanne nikaandika Yupo. Jumatano mkono ulikuwa umeshazoea.

Daktari Zuleha alikwenda kwa Waziri mwenyewe. Alirudi adhuhuri, akanisimulia yote kwa sauti kavu. Waziri alimsikiliza kwa upole, akamuuliza yeye ni daktari wa nini. Wa wanyama, akajibu. Na sili ni nani kisheria? Watumishi wa umma. Basi, akasema Waziri, inakuwaje daktari wa wanyama awapime watumishi wa umma? Huku ni kuidhalilisha serikali. Akasimamishwa kazi hapo hapo, na akapewa barua ya pongezi kwa utumishi uliotukuka.

*

Alhamisi jua lilikuwa kali. Baba Povu alikuwa amefikisha siku ya nne. Walimfungia taji la maua, wakamwegemeza kwenye kreti za soda, wakamchomekea panda mbili. Tumbo lilikuwa limekaza, na mara moja moja lilitoa mlio wenyewe, bendi ikaupigia ngoma. Pua yake ilikuwa nyeusi, imelainika, na kitu cheupe kilikuwa kikitembea ndani yake. Sitaki kusema zaidi. Nimekwishasema ya kutosha kumharibia mtu chakula, na hata hivyo nimesema nusu.

Viongozi walikaa chini ya turubai, upande unakotoka upepo. Watoto walipangwa mstari kwenye jua. Mimi nilisimama na orodha ya majina mkononi. Mshereheshaji akatangaza kwamba Hidaya wa darasa la kwanza anakuja kuipokea Pumzi ya Taifa.

Mwatatu akatoka pembeni, ufagio mkononi, akapiga goti mbele ya turubai.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama," Waziri akasema ndani ya leso.

"Mheshimiwa, sisi tumelelewa kwa adabu. Mahali penye mgeni rasmi, mtoto hatangulii kula wala kunywa. Mgeni akishaonja ndipo wadogo wanapeleka mkono. Naona aibu mwanangu atangulie kuvuta na wewe umekaa. Watu watasema sikumfunza."

Watu wakanong'ona kwamba ni kweli. Ni kweli kabisa, kwetu hata kumbikumbi huonjwa kwanza na mgeni rasmi, na kamera za televisheni zilikwishageuka. Waziri akainuka nusu. Akamwangalia Baba Povu, na Baba Povu, kwa msaada wa panda, akamwangalia yeye.

"Mama amesema vyema sana," Waziri akasema. "Nimeguswa. Ila majukumu ya kitaifa yananilazimu nibaki na mapafu yangu kwa ajili yenu. Kwa heshima kubwa namkaimisha Katibu Mkuu."

Hapa kwetu kukaimisha ni nguzo ya utawala. Mkubwa akiwa na jambo asilolitaka humkabidhi aliye chini yake, na aliye chini hushukuru. Katibu Mkuu alisimama, akashukuru, akasema kwamba kwa unyenyekevu anamkaimisha Mkurugenzi wa Mila. Mkurugenzi wa Mila alikuwa na mzio wa mila. Akamkaimisha Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya akamkaimisha Afisa Utumishi, Afisa Utumishi akamkaimisha Mkuu wa Kituo. Kila mmoja alipiga hatua mbili mbele, akafikiwa na harufu, akapiga hatua mbili nyuma, akapigiwa makofi. Mkuu wa Kituo alitapika kwanza, ndipo akageuka.

"Namkaimisha Karani wa Mahudhurio," alisema.

Nikabaki mimi. Chini yangu hakukuwa na mtumishi mwingine ila wale elfu nne waliolala, na baada yao mstari wa watoto. Hidaya alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, soksi zake zimevutwa mpaka magotini, ananitazama kama anavyonitazama siku zote akija kuomba chumvi. Mwatatu naye alinitazama.

Nilikuwa najua kilichomo kwenye pua ile. Nilikuwa nimeona karatasi ya maabara, nimeona dirisha namba nne. Mtu mwingine angesema amekufa, ndugu zangu, mnyama huyu amekufa tangu Jumatatu na mimi ndiye niliyeandika uongo. Ni sentensi fupi. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Kwa mamlaka niliyopewa, namkaimisha aliye mbele kwenye mstari."

Nilijichukia kabla sijamaliza kusema, na bado nikamaliza.

Hidaya akapiga hatua. Mwatatu akamshika bega.

"Mheshimiwa, kuna kanuni inayomkataza mtoto kukaimisha?"

Wakubwa wakaangaliana. Mwanasheria wa Wizara akapekua kitabu chake, akasema haipo.

"Basi Hidaya anamkaimisha mama yake," Mwatatu akasema. "Na hawa wengine mama zao wako kazini, kwa hiyo na wao wananikaimisha mimi. Si ndiyo, wanangu?"

"Ndiyooo," watoto wakaitikia, kama wanavyomwitikia mwalimu.

Waziri alifurahi. Alikuwa na safari ya kuwahi, na jambo lilikuwa limepata mwenyewe. Akasema huu ndio uzalendo, akaketi. Mwatatu akamkabidhi mwanawe kwa Daktari Zuleha, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba pamoja na watu. Akapiga magoti mchangani. Akaniambia bila kugeuka, "Soma, kaka."

Nikasoma. Nilikuwa na orodha, na kusoma ndiyo kazi niliyopewa. Nikasoma Hidaya, akagusisha pua, akavuta mara tatu. Nikasoma jina la pili, akavuta mara tatu. Kwenye la tisa alitapika pembeni, akajifuta, akarudi. Bendi iliacha kupiga. Majina thelathini na sita, pumzi mia moja na nane, na hakuna aliyesema inatosha, hata mimi niliyekuwa nimeshika karatasi na ningeweza kuikunja wakati wowote. Alipomaliza aliinuka, akatikisa mchanga kwenye gauni, akamwomba msamaha mgeni rasmi kwa kumchelewesha.

*

Aliugua siku ya nne na akafa siku ya kumi na moja, katika hospitali iliyoandika kwamba alikuwa na uchovu. Watoto thelathini na sita wote ni wazima, na Wizara imetoa taarifa kwamba hilo linathibitisha usalama wa Pumzi. Kuhusu sili, Kamati ya Vifo haijapata akidi kwa sababu wajumbe wanne wanakohoa. Mimi nimepandishwa Daraja la Pili. Barua inataja utulivu wangu siku ya sherehe.

Hidaya anaishi kwa Daktari Zuleha. Jumamosi iliyopita nilimpelekea cheti chake cha Pumzi, cha kuingilia darasa la pili. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Akaniamkia, akaniletea kigoda na maji. Alikisoma cheti neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, kisha akakiweka juu ya ungo.

"Mjomba Fumbwe."

"Naam, mama."

"Siku ile, kwenye kupokezana zamu, ulianza wewe au alianza mama?"

Nikamwangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtoto anayetaka kuielewa hesabu.

"Nilianza mimi," nikamwambia. "Mama yako alikuja baada yangu."

Akaitikia kwa kichwa, akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani.

"Basi mama alikutangulia tu," alisema. "Zamu yako bado."